Usiwaharakishe, Mwanangu

Mwanangu, umesema unataka kuacha kile kikundi chenu cha amani hapa Isiolo. Eti Mborana alikaa na Waborana wenzake, Mturkana na Waturkana, na mchungaji alipowaambia msimame muombe pamoja, vijana Waislamu wakatoka nje. Keti kwanza. Chai bado ni moto.

Mimi ni Mlutheri, na hapa mjini Walutheri hatujazi hata barabara moja. Ujanani mwangu niliamini kwamba Mkatoliki amepotea. Rafiki yangu alipofiwa na mama yake, sikuingia kanisani mwao. Nilisimama nje juani, nikidhani nailinda imani. Alinisalimia siku zote baadaye, lakini nyumbani kwake sikualikwa tena. Sikumlaumu.

Kumbe wakubwa wetu walishaketi na Roma. Mazungumzo rasmi yalianza 1967. Azimio la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki likatiwa sahihi mjini Augsburg, Ujerumani, Oktoba 31, 1999. Miaka 32, mwanangu, kwa fundisho moja! Na Papa Francis alipokwenda kusali na Walutheri kule Lund, Uswidi, mwaka 2016, Meza ya Bwana ilikuwa bado hatuishiriki. Wapo wanaoona huko ni kushindwa. Mimi naona hawakudanganyana: waliandika wanayokubaliana, na yaliyobaki wakayaacha wazi.

Mwaka 2010, mjini Stuttgart, Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni liliwaomba Wamenoniti msamaha kwa mateso ambayo wazee wao wa imani walipata karne ya 16. Waliotesa na walioteswa wote walishakufa. Unacheka? Sisi hapa tunawahesabu hadi leo ng'ombe walioibwa enzi za babu zetu, na hakuna aliyewahi kusema pole.

Na Waislamu? Mwaka 2014 shirikisho hilohilo lilikubaliana na shirika la misaada la Kiislamu, Islamic Relief Worldwide, kusaidia pamoja watu waliokumbwa na maafa na kuyahama makwao. Hakuna aliyeambiwa aache sala yake wala asimame katika ya mwenzake. Walianza na kazi ya kusaidia watu.

Ninyi mlianza na sala, mahali penyewe pagumu. Sisemi msiombe. Nasema hamjazoeana bado. Kiangazi hiki kisima kina foleni, na wanaopanga foleni hiyo ni mama zenu wote: Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana. Wanajuana kwa majina ya watoto. Waulizeni wao.

Kesho nenda ukawaone wale waliotoka nje. Usiende na ajenda. Waulize ni saa ngapi inawafaa. Ijumaa mchana usimwite mtu, na Ramadhani ikifika, mkutano usigongane na futari. Wakikwambia watafikiria, waache wafikirie.