Jumanne: Ukuta wa Kalenga

Soma Yoshua 7:2–13 na 8:1. Israeli walikosea wapi kabla ya kushindwa Ai? Mungu alimwagiza Yoshua afanye nini baada ya kushindwa?

Kutoka Tosamaganga, nje ya mji wa Iringa, Kalenga haiko mbali. Hapo Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa na ngome iliyozungushiwa ukuta wa mawe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliuvizia msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski. Afisa huyo alikuwa na bunduki na mizinga, akawadharau watu wa mikuki. Shambulio lilipoanza, silaha zake hazikuwa tayari. Aliuawa pamoja na wengi wa askari wake.

Miaka mitatu baadaye Wajerumani walirudi. Tarehe 30 Oktoba 1894 waliiteka Kalenga. Ukuta haukufua dafu mbele ya mizinga. Wenyeji husimulia kwamba jina Tosamaganga, yaani kutupa mawe, linakumbusha mizinga iliyopigwa kutoka kilimani kuelekea ngomeni. Dharau ilimwangusha mmoja Lugalo; ushindi wa Lugalo haukumwokoa mwingine Kalenga.

Israeli nao walikwenda Ai wakitoka kushinda Yeriko. Wapelelezi waliuona mji kuwa mdogo, wakashauri watu wachache tu wapande. Hakuna aliyeuliza shauri kwa Bwana, na dhambi ya Akani ilikuwa imefichwa hemani. Watu 36 walikufa.

Kuridhika huja polepole namna hiyo. Mtu anabatizwa, anaacha ulanzi, anapatana na ndugu yake waliyegombania shamba. Miaka kumi baadaye anasimulia ushuhuda uleule, lakini Biblia yake hufunguliwa Sabato tu, na ugomvi mwingine umeanza nyumbani. Kama Laodikia, anajiona hana haja ya kitu (Ufunuo 3:17). Ushindi wa jana umekuwa ukuta wake.

Kisha taabu inakuja, naye anaanguka kifudifudi kama Yoshua. Si kila taabu hutokana na dhambi. Kisa cha Ayubu kinathibitisha hilo. Lakini katika kila taabu ipo hatari ya kubaki chini. Mungu hakumwacha Yoshua alale mavumbini. Alimwamuru asimame, akamwonesha kilichopaswa kuondolewa, kisha akamtuma Ai ileile, safari hii pamoja na watu wote wa vita, akimwambia asiogope.

Angalia mpangilio huo. Yoshua hakungoja mpaka ajisikie kuwa na nguvu ndipo asimame. Neno la Bwana lilitangulia, yeye akatii, na ushindi ukafuata. Laodikia pia haikuachwa: Kristo angali anabisha mlangoni (Ufunuo 3:20). Hamasa ya kweli haitokani na kukumbuka Yeriko, bali na kuisikia sauti yake leo na kumfungulia.

Ni ushindi gani wa zamani unaoutegemea kana kwamba ni ukuta? Ni Ai ipi uliyoikimbia, ambayo Bwana anakutaka uirudie juma hili? Darasa lako linawezaje kwenda pamoja na mshiriki ambaye bado amelala kifudifudi?