Kitwitwi na Zadi ya Safari

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad na sahaba zake. Ama baad.

Mwenye kupita kando ya hori ya Mida mwezi wa Aprili, masika yaingiapo, na atazame. Tunda la mkoko huchipua lingali mtini, kisha huanguka likajichoma topeni. Mchu hunywa maji ya bahari, na chumvi ikatokea juu ya majani yake. Ni nani aliyeifundisha miti hii? Sura ya Rum, aya ya 50, yamwamuru mja atazame athari za rehema ya Mola wake, apate kujua kwamba ahuishaye ardhi ndiye ahuishaye wafu.

Tena na awatazame kitwitwi. Hula kila maji yatokapo hata wakanona, kisha huondoka kwenda kutaga Siberia, mwendo upitao maili 5,000. Unono ule ndio zadi yao, aliyekonda hafiki.

Ndege aijua siku yake, naye amejiweka tayari. Mwanadamu haijui yake, naye asema: kesho. Deni halijalipwa, sala imeakhirishwa, toba yangoja uzee. Ewe ndugu Muislamu, safari ni moja, wala haina kurudi. Zadi yako i wapi?

Mwenyezi Mungu awaamshe waja wake kabla ya kuondoka. Amin.