Mzazi Arudipo Shule, Nani Alee Nyumba Yake?

Mvua za kwanza hushuka Ufipa mwezi wa Novemba. Huo ndio wakati wa kupanda mahindi, na vyuo vyetu vingi hufungua mwaka wa masomo siku hizo hizo, Oktoba na Novemba. Kwa kijana asiye na mzigo, hilo si shida. Lakini kwa mama mwenye watoto watatu kule Laela au Namanyere, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi au ualimu, mambo mawili yagongana. Akienda chuoni, shamba halipandwi. Asipokwenda, nafasi yapotea. Basi twauliza: je, ni halali mzazi kuwaacha watoto akasome? Na akienda, ni nani apaswaye kuilea nyumba yake?

Wako wasemao kwamba mzazi hana tena la kutafuta shuleni. Wakati wake umepita, na kazi yake sasa ni kulisha na kusomesha wanawe. Neno hilo lina ukweli ndani yake, wala hatutaki kuuficha. Mtu aliyezaa ana deni kwa watoto wake kabla ya deni jingine. Baba aondokaye na kuiacha nyumba na njaa, hata akiwa na vitabu mkononi, ametenda kosa.

Lakini tutazame hukumu hiyo inatufikisha wapi. Ikiwa kila mzazi ataachwa ajitegemee peke yake, watakaokwenda shule ni wa namna mbili tu: mwenye mali na asiyejali. Mwenye mali ataajiri yaya na vibarua wa shamba. Asiyejali ataondoka, yakiwapata watoto yatakayowapata. Atakayebaki ni mzazi maskini aliye mwema, naye atabaki kwa ajili ya wema wake. Hivyo sisi jirani zake, tunyamazapo, twamwadhibu mtu kwa kuwa amewapenda wanawe. Huo ndio udhalimu tunaotaka kuusema.

Kanisa halijapata kufundisha kwamba elimu ni mali ya watoto peke yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulitambua haki ya elimu kwa watu wa kila rangi, hali na umri. Nchi yetu nayo ilikwisha kulijua jambo hili. Mwaka 1964, alipopeleka Bungeni Mpango wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba sharti tuanze na watu wazima, kwa kuwa watoto watakawia miaka mingi kabla ya kuleta faida katika uchumi. Na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wenye watoto, hata wenye wajukuu, wakashika kalamu.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya siku zile na hizi. Darasa la kisomo lilimfuata mzazi kijijini kwake, baada ya kazi za shamba, naye akarudi kulala nyumbani. Cheti cha uuguzi au shahada ya ualimu humtaka mzazi kuifuata shule, wakati mwingine mamia ya kilomita, kwa miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mlango u wazi.

Milango kweli imefunguliwa, na tunashukuru. Tangu mwaka 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaongezwa. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya uzazi aweza kurudi darasani. Kwa mradi wa SEQUIP, wasichana waliokatizwa masomo ya sekondari walipokelewa bila ada katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kwa vyuo vikuu iko Bodi ya Mikopo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004.

Hata hivyo, tutazame mafungu ya mkopo huo: chakula na malazi, ada, vitabu, mahitaji ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Fungu la mtoto hatulioni. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mama aliye chuoni huigawa hiyo hiyo, nusu ale, nusu aitume nyumbani. Tena miongozo ya Bodi, kama ule wa mwaka 2022/2023, iliweka ukomo wa umri wa miaka 35 kwa mwombaji. Aliyelea kwanza, akataka kusoma baadaye, huenda akakuta umri umempita. Kule Uingereza mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye watoto wadogo aweza kuomba ruzuku ya malezi, mbali na mkopo wake, na ruzuku hiyo hairudishwi. Sisi hatuna utajiri wa Uingereza. Lakini yafaa walau tukubali kwamba mtoto naye anakula.

Basi kwa sasa ni nani alipaye fungu hilo? Ni bibi. Mwanamke wa miaka 60 au 70, aliyekwisha kulea wake, hubebeshwa tena mtoto mgongoni, kuni kichwani na jembe mkononi. Kwenye karatasi twasema kwamba binti amesomeshwa na Serikali, au na parokia, au na ndugu fulani. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa imelipwa na mama mzee ambaye jina lake halimo katika karatasi yoyote.

Tunajua neno linalonong'onwa hasa habari ya wasichana waliozaa bila ndoa: kwamba kuwasaidia ni kusifu dhambi. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Rukwa, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, kiasi cha 30 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Kwa nchi nzima ni 22. Hatusemi kwamba hilo ni jema. Lakini mtoto mchanga hakutenda dhambi yoyote, na baba yake mara nyingi huendelea na mambo yake bila kuulizwa neno. Ikiwa adhabu yamwangukia mama na mtoto tu, tusiiite maadili. Na anayetubu huhitaji njia ya kurudi. Kumfungia njia hiyo hakujamfanya mtu yeyote kuwa mtakatifu.

Kanisa letu lilikwisha kuonyesha mfano. Tangu Mapadre Weupe walipoishika Karema mwaka 1885, Injili katika nchi hii imebebwa sana na makatekista, watu wenye wake na watoto. Katika vyuo vingi vya makatekista barani Afrika, mwanafunzi alipokelewa pamoja na jamaa yake; akapewa nyumba na kipande cha shamba, na mke akafundishwa naye. Hakuna aliyeiita hiyo sadaka. Ilieleweka kwamba ukimwita mtu mzima umeiita na nyumba yake.

Kwa hiyo twatoa shauri letu. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijue ni nani kati yake anayesoma akiwa na watoto. Ilime ekari moja ya nyumba hiyo kwa zamu. Kualikana shambani si jambo geni Ufipa. Chekechea ya parokia iwapokee watoto hao bila malipo, au kwa malipo madogo. WAWATA wamtazame bibi, wasingoje mpaka augue. Vikundi vya kukopeshana vikubali kungoja marejesho mpaka masomo yaishe. Baba wa mtoto, ikiwa yuko, aitwe na wazee akumbushwe wajibu wake. Na sisi sote tuwaombe wabunge wetu waitazame habari ya fungu la mtoto, na ya ukomo wa umri.

Wazee wetu wa Ufipa walikusanya majani mabichi, wakayafunika kwa udongo katika ntumba, yakaoza, na msimu uliofuata udongo ule ukalisha mazao. Walikubali kungoja. Miaka mitatu ya kubebeana mzigo ni kungoja kwa namna hiyo, na mavuno yake ni muuguzi katika zahanati yetu, au mwalimu katika darasa la watoto wetu.

Novemba ijayo mvua zitashuka tena. Yafaa kila jumuiya iulize mapema, kabla ya majembe kutoka: ni shamba la nani mwaka huu ambalo mwenyewe hatakuwapo kulipanda?