Dawa ni Amana

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja lililobebeshwa mizigo mingi, nalo ni neno dawa. Vidonge vya malaria ni dawa. Mzizi uchemshwao na mganga ni dawa. Kitu kimwagwacho shambani ili kuua wadudu ni dawa. Na kile kimwondoleacho kijana akili hata akazungumza na ukuta, nacho twakiita dawa, ila twaongeza upesi kwamba ni ya kulevya. Katika Kisukuma, lugha ya mama zetu, neno bugota nalo halibagui: ndani yake imo tiba, imo kinga, zimo na hirizi.

Wako wasemao kwamba huu ni upungufu wa lugha. Sisi twaona kwamba lugha imesema kweli, na wenye kupungukiwa ni sisi tusiotaka kuisikia. Maana swali lililo mbele yetu ni hili: kitu kimoja chawezaje kuwa tiba nyumbani kwa huyu na maangamizi nyumbani kwa jirani yake? Na kikiangamiza, lawama ni ya nani? Ni ya jani, ni ya mtumiaji, au ni ya waliomzunguka?

Yafaa tuanze na mambo ya kale, kwani wapo vijana wadhanio kwamba ulevi uliletwa na wageni, na wapo wazee wadhanio kwamba uliletwa na vijana. Wote wamekosea. Pombe ya mtama na ya uwele imepikwa katika nchi za Usukuma na Unyamwezi tangu zamani zisizohesabika. Bangi, ambayo jina lake lina asili ya Bara Hindi, ilifika pwani yetu kwa biashara ya baharini, kisha ikapanda bara. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Unyamwezi katika miaka ya 1857 na 1858, aliandika habari za watu walioivuta kwa kiko cha kibuyu chenye maji. Tumbaku nayo, ambayo wengi huiona kuwa ya kale kama milima, ni mgeni: asili yake ni Amerika, na ilitawanywa duniani na mabaharia wa Ulaya baada ya mwaka 1492.

Lakini katika maisha ya wazee wetu vitu hivyo vilizungushiwa ua. Pombe ilipikwa baada ya mavuno, au kwa kazi ya ujima, au kwa arusi na matambiko. Ilikuwa na siku yake, na ilipokwisha ilikwisha, kwa sababu ilitokana na nafaka, na nafaka ndiyo chakula. Mtungi ulikaa katikati na wazee walikaa karibu nao. Tulipokuwa watoto tulimwona mzee akimpokonya kijana kata na kumwamuru aende akatazame ng'ombe, na kijana akaenda bila kujibu. Hatusemi kwamba zamani hapakuwa na walevi. Walikuwapo, na wake zao walilia. Twasema tu kwamba mlevi alijulikana kwa jina, na kata ilikuwa na mwenyewe.

Tukigeukia hospitali za ulimwengu tutaona jambo linalofanana na hilo. Maji ya mmea wa afyuni yametuliza maumivu ya wanadamu kwa maelfu ya miaka. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, alitenga ndani yake kiini cha nguvu zake, akakipa jina kutokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani wa kale. Hiyo ndiyo mofini. Kokeini ilitengwa mwaka 1860 kutoka majani ya koka ya Amerika Kusini, na mwaka 1884 daktari Karl Koller wa Vienna akaonyesha kwamba ikitiwa jichoni, mgonjwa aweza kupasuliwa jicho pasipo kusikia uchungu. Heroini iliuzwa na kampuni ya Bayer kuanzia mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi, hata ilipodhihirika kwamba humfanya mtu mtumwa wake. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi vitatu kilichozaliwa gizani. Vyote vilizaliwa mchana, mikononi mwa wataalamu, kwa nia ya kutibu.

Bangi nayo ina upande wake wa pili. Mwaka 1964 wanakemia walikibainisha kiini chake kilevyacho, na leo katika nchi ambazo sheria zake zaruhusu, viini vyake hutumika kupunguza kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani na aina fulani za kifafa cha watoto. Hapa kwetu sheria yaikataza. Hata pombe ina siri yake. Mtu aliyekunywa pombe haramu yenye methanoli, ambayo hupofusha macho na kuua, aweza kutibiwa hospitalini kwa pombe safi, iliyopimwa na kutiwa mwilini mwake na daktari, ili kuizuia ile sumu isifanye kazi yake. Pombe yamwokoa mtu na pombe! Tofauti ni kipimo, na mkono ulioshika kipimo.

Hayo si mawazo mapya. Tabibu wa Uswisi aitwaye Paracelsus, aliyefariki mwaka 1541, alifundisha kwamba kila kitu kina sumu ndani yake, na kwamba kipimo pekee ndicho kikifanyacho kitu kisiwe sumu. Twamtaja tabibu huyo kwa sababu nyingine pia. Alikaa miongoni mwa wachimbaji wa madini wa milima ya Ulaya, akaandika kitabu juu ya maradhi yao, akasema kwamba kinachowaua ni mivuke waivutayo, wala si adhabu ya mizimu ya mlimani. Naye aliitumia zebaki kutibu kaswende. Zebaki hiyohiyo, iliyokuwa dawa ya waganga wa Ulaya, leo imo viganjani mwa wachimbaji wadogo wa Geita, wanaonasa dhahabu kwayo na kisha kuichoma motoni, na moshi wake ukaingia mapafuni mwao na mwa watoto wao. Basi na tushuke huko machimboni, kwani swali letu huko si la vitabuni.

Nchi hii ya madini si ya jana. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na almasi ya Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, iligunduliwa mwaka 1940. Migodi mikubwa ya siku hizi ilianza Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Lakini kando ya migodi hiyo yenye ua na taa, huko Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, wako wachimbaji wadogo kwa maelfu, wengi wao vijana waliotoka katika vijiji vya jembe na ng'ombe, vijiji vilevile vya mtungi ule na wazee wale.

Kijana wa namna hiyo hushuka kwenye duara kwa kamba, tochi ikiwa kichwani. Chini kuna joto, hewa ni nzito, na magogo yaliyoshikilia kuta hayakupimwa na mhandisi. Mara nyingi hana mshahara. Ujira wake ni fungu la mawe, na mawe yakiwa hayana dhahabu, kazi yake ya juma zima imekuwa bure. Basi kabla ya kushuka hunywa gongo ili asiogope, na huvuta bangi ili asichoke. Zamani kidogo alikuwa na viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ndogo hata vikatoshea mfukoni mwa mwanafunzi, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017.

Tuseme wazi madhara yake. Bangi huvuruga hesabu ya wakati na ya umbali, na hudhoofisha kumbukumbu; mwenye kuianza angali mdogo hujiweka katika hatari kubwa zaidi ya kuugua akili. Gongo haina kipimo, kwa kuwa hata aliyeipika hajui kilichomo. Pombe ya kila siku hula ini, na mwili ukiisha kuizoea huidai kama mdai wa deni. Lakini duarani liko dhara la karibu zaidi. Pombe huondoa hofu, na hofu ndiyo mlinzi pekee ambaye mchimbaji huyu amepewa bila malipo. Asiyeogopa haoni gogo likipinda, wala hasikii udongo ukitangulia kudondoka kabla ya ukuta kuanguka.

Je, ni nani wa kulaumiwa? Wengi hujibu haraka kwamba ni kijana mwenyewe, na jibu hilo tusilidharau. Katika duara lilelile wamo wenziwe wanaoshuka bila kulewa. Tukisema kwamba hakuwa na hiari, tumemvua utu wake na kumfanya sawa na toroli. Ana sehemu yake ya lawama, na ni haki yake kuwa nayo.

Lakini ipo sehemu isiyo yake. Mwenye duara amwonaye kijana ana macho mekundu, naye akaamuru kamba iteremshwe kwa sababu hivyo kazi yaenda upesi, huyo amemwandikia mtu dawa bila kuwa tabibu. Apikaye gongo nyuma ya nyumba hutuambia kwamba alisha watoto wake, na twajua asema kweli. Walakini naye ajua kwamba kuna mtoto mwingine mahali fulani ambaye baba yake hatarudi. Na sisi watumishi wa umma, tufikao machimboni siku ya msako na kuondoka na magunia ya ushahidi, tumekuwa mlinzi wa siku moja. Sheria tunazo: ya mwaka 1995, kisha ya mwaka 2015 iliyoweka Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Twazihitaji, maana wauzaji wa sumu hawaonywi kwa mashairi. Lakini sheria humkuta mtu akiisha kuanguka, ilhali ua wa wazee ulimzuia kabla hajaanguka.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulitunga ngonjera, wanafunzi wakaighani katika sherehe ya wilaya na kushangiliwa sana. Ilianza hivi:

Dawa zilevyazo watu, zote ni sumu hakika,
Azigusaye mwenetu, kaburini amefika.

Shangazi yetu alikuwapo siku ile, akaishika kwa moyo. Miaka ikapita, akapatwa na saratani. Hospitali ilipokuwa haina tena la kumponya, akarudishwa nyumbani na chupa ya mofini ya maji. Aliponusa habari kwamba ile ni ndugu ya heroini, akaisukuma mbali. Tulipomsihi anywe, alituambia, "Mwanangu, si wewe uliyetufundisha? Niache nife na akili zangu." Kwa siku tisa alilia usiku, na mistari yetu ilikuwa kati yake na chupa.

Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja kijana. Hakubishana naye. Aliketi kitandani, akamwonyesha sindano isiyo na ncha, akamwonyesha alama ya kipimo, akasema, "Bibi, kiasi hiki, kila baada ya saa nne, na mimi nitakuja kukutazama. Ukizidiwa na usingizi tutapunguza." Ndipo akakubali. Siku zake za mwisho alikunywa uji, akawaita wajukuu, akagawa vitenge vyake kwa akili timamu. Alikufa akiwa na akili zake, kama alivyotaka.

Baadaye tulijifunza kwamba majirani zetu wa Uganda walilielewa jambo hili mapema. Huko, kuanzia mwaka 1993, taasisi ya Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman iliwapelekea wagonjwa wa saratani mofini ya maji hata majumbani mwao, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika. Hapa kwetu, katika hospitali ya Muhimbili, tangu mwaka 2011 watu waliotekwa na heroini hupewa methadoni, ambayo nayo ni ya ukoo wa afyuni. Kila mmoja huinywa kwa kipimo chake, mbele ya mhudumu, siku baada ya siku. Jani halikubadilika. Kilichoongezwa ni mtu wa kukaa karibu.

Basi hilo ndilo jibu letu. Dawa ina mambo matatu: kipimo, sababu na mlinzi. Mtungi wa wazee ulikuwa nayo; chupa ya muuguzi yule ilikuwa nayo; duara halina hata moja. Kwa hiyo kazi yetu haiishi katika kuchoma magunia. Vyama vya wachimbaji na viweke mwiko, kamba isimshushe mtu aliyelewa, hata kama duara limefika kwenye mwamba wa dhahabu. Wenye maduara na watoe ujira wa siku, ili kijana asilazimike kuununua ujasiri kwenye chupa. Na sisi watungaji tupime maneno yetu, kwani neno nalo ni dawa, na tulilizidisha.

Ngonjera ile haighaniwi tena kama ilivyokuwa. Tumeibadilisha hivi:

Dawa ni amana yetu, bila mlinzi huteka,
Mlinzi akiwa kwetu, mgonjwa hutulizika.