Ufunguo Ulikuwa Kifuani



Mara nyingi mtu akipekua sanduku la zamani la nyumbani, akitafuta cheti cha ubatizo au hati ya shamba, hukuta chini kabisa kitabu alichokipenda utotoni. Hukaa kitako akaanza kusoma, hata akasahau kilichomleta. Mwezi huu nataka tufikiri juu ya kitabu kimoja cha namna hiyo, yaani habari za msafiri Mkristo, kilichoandikwa na John Bunyan wa Uingereza.

Bunyan alikuwa fundi wa kuziba sufuria. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri bila ruhusa, akakaa gerezani Bedford miaka 12. Tusifiche kwamba sheria zilizomfunga ziliwekwa ili kulilinda Kanisa la Uingereza, ambalo ni mama wa kanisa letu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1678, naye akafariki mwaka 1688. Leo Kanisa hilohilo humkumbuka katika kalenda yake kila tarehe 30 Agosti.

Mtoto akisomewa kitabu hiki hupenda nini? Hupenda simba wawili walioko njiani, ambao Mkristo aliwaogopa kwa kuwa hakuona minyororo yao. Hupenda pia jitu kubwa lenye rungu. Ule mzigo mgongoni mwa Mkristo haumsumbui mtoto, maana yeye hajabeba kitu.

Lakini akirudia kitabu kilekile akiwa na miaka 40 au 60, mambo hubadilika. Sasa mzigo anaujua uzito wake. Ni dhambi ya siri, au ni ndugu wa tumbo moja wasiyesemeshana. Na lile jitu, ambalo jina lake ni Kukata Tamaa, hulitambua, maana limekwisha kupiga hodi nyumbani kwake.

Jitu hilo liliwafunga Mkristo na mwenzake Tumaini katika Ngome ya Mashaka, tangu Jumatano asubuhi hata Jumamosi usiku, bila mkate, bila maji, bila mwanga. Likawapiga, kisha likawashauri wajiue. Mkristo alikaribia kukubali. Ni Tumaini aliyemzuia, akimkumbusha hatari ambazo Mungu alikwisha kumvusha. Usiku wa Jumamosi wakaanza kusali, na karibu na mapambazuko Mkristo akakumbuka kwamba kifuani mwake alikuwa na ufunguo uitwao Ahadi. Wakaufungulia milango, wakatoka. Ilikuwa Jumapili, siku ya Ufufuo.

Angalieni, ndugu zangu: ufunguo ule haukushuka kutoka mbinguni usiku ule. Alikuwa nao siku zote. Ndivyo ilivyokuwa siku za mfalme Yosia: kitabu cha torati kilionekana ndani ya nyumba ya Bwana yenyewe, ambamo makuhani waliingia na kutoka kila siku. Na Timotheo alipohitaji kutiwa moyo, Mtume Paulo alimrudisha kwenye Maandiko aliyoyajua tangu utoto, na kwenye imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Basi nawaomba mambo mawili. Kwanza, kama wewe usomaye umo katika ngome ile, na jitu linakushauri vibaya usiku, usikae peke yako. Mkristo asingetoka bila Tumaini. Njoo kwa kasisi wako, au kwa mzee wa kanisa, au kwa jirani umwaminiye, hata kama ni usiku wa manane. Nasi tulio nje tusingoje kuitwa. Tukiona mwenzetu ameacha kuja ibadani, twende tukabishe hodi.

Pili, akina baba na akina mama, na hasa ninyi akina bibi, wasomeeni watoto Neno la Mungu na vitabu vyema kabla hawajalala. Msivunjike moyo wakicheka tu habari za simba. Hawajui bado mnawatia nini kifuani. Iko siku, huenda ninyi mmekwisha kupumzika, watafungiwa gizani, nao wataupapasa ufunguo mliowapa.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu. Amina.

Kasisi wenu.