Kuchaguliwa na Kutochaguliwa

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yakiisha kutangazwa, swali moja huzunguka katika nyumba zetu hapa Kilimarondo: Mtoto wangu amempita wa jirani kwa alama, mbona wa jirani amechaguliwa chuo kikuu, na wangu ameachwa? Wengine hujibu upesi kwamba pana mkono wa mtu. Wengine hunena kuwa ni bahati tu, kama mvua inyeshayo shamba hili la ufuta na kulipita lile. Majibu haya mawili ni mepesi mno, nasi twapenda kulitazama jambo lenyewe.

Kwanza ijulikane kwamba kiwango cha chini si ahadi. Tume ya Vyuo Vikuu yataka mwombaji atokaye Kidato cha Sita awe amefaulu masomo makuu mawili, kwa pointi zisizopungua 4. Huyu amepewa ruhusa ya kubisha hodi, lakini hajaambiwa karibu. Waombaji wakizidi viti, chuo huwapanga kutoka juu, na mstari hukatwa pale viti viishapo. Kwa hiyo alama iliyotosha mwaka jana yaweza isitoshe mwaka huu, wala mtoto hakupungukiwa akili. Waliobisha pamoja naye ndio waliozidi. Tena aliyeomba udaktari Muhimbili hawezi kulinganishwa na aliyeomba masomo yasiyo na waombaji wengi, ijapokuwa walikaa dawati moja.

Je! alama yenyewe ni kitu imara? Tukumbuke mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri, na nchi nzima ikashtuka. Mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo yale, ikaagiza yapangwe upya. Wako waliolala wameshindwa wakaamka wamefaulu, nao hawakuongeza hata neno moja katika karatasi zao. Basi alama ni kipimo cha wanadamu, na kamba ya kupimia yaweza kuvutwa au kulegezwa.

Kwa sababu hiyo wapo wasemao, Mtihani na uachwe, mtoto atazamwe kwa tabia yake na kazi zake. Huko Marekani chuo cha Bowdoin kilimwachia mwombaji hiari ya kuleta alama za mtihani wa kuingilia au kutozileta tangu mwaka 1969, na ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020 vyuo vingi sana vikafuata njia hiyo. Walakini chuo cha MIT kiliurudisha mtihani mwaka 2022, na Dartmouth mwaka 2024. Sababu yao yastahili kusikiwa na maskini wote: huko Dartmouth waliona kwamba watoto waliotoka katika nyumba duni walikuwa wakificha alama ambazo zingaliwasaidia, kwa kudhani ni ndogo.

Wala mambo haya si mageni kwetu. Mwezi wa Novemba 1974 chama cha TANU kilikata shauri kule Musoma kwamba kijana amalizaye Kidato cha Sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Sharti kwanza afanye kazi, kisha aje na ushuhuda wa mwajiri wake na wa tawi la chama juu ya mwenendo wake. Nia ilikuwa njema: wasomi wasijitenge na jasho la wakulima waliowalipia. Lakini wanawake walioingia chuoni wakapungua, hata baada ya miaka michache ikabidi wasamehewe sharti lile. Tena fikirini, wapenzi: ikiwa mlango wafunguliwa na barua, mwenye ufunguo ni yule aandikaye barua. Na mtoto asiye na mtu wa kumwandikia?

Hapa ndipo tunaposimama sisi. Mtihani una ukali, lakini una wema mmoja usiosifiwa: msahihishaji aona namba tu, hajui baba wa mtoto ni nani, wala kwamba ametoka kijiji kilicho mbali na lami. Hata hivyo hatusemi mtihani watosha. Aliyesoma fizikia bila mwalimu wala maabara, akapata alama sawa na aliyekuwa na vyote viwili, huyo amekimbia mbio ndefu zaidi. Kuuliza mtoto amesoma katika hali gani ni haki. Kuuliza yeye ni mtoto wa nani ndiko kunakoharibu.

Nanyi makatekista, jambo hili lawagusa, kwani wazazi huja kwenu kuomba barua. Kumwandikia mvivu kwamba ni mwenye bidii si huruma. Amri ya nane haikatazi tu kumsingizia jirani. Hukataza pia kumwongezea asichonacho, kwa kuwa yuko mwingine atakayeachwa kwa barua ile. Andikeni mliyoyaona: alifika siku zote, aliwafundisha wadogo kusoma, alimlea nyanya yake mgonjwa.

Kwa walioachwa, twakumbuka habari ya mitume walipotafuta wa kushika mahali pa Yuda. Walisimamishwa wawili, Yusufu Barsaba na Mathiya, wote wamestahili. Kura ikamwangukia Mathiya. Hakuna aliyesema kwamba Barsaba alikuwa na kasoro. Mzazi amwitaye mtoto wake mjinga kwa sababu jina lake halikutokea katika orodha, amesema neno ambalo hata chuo hakikulisema. Tena njia haijazibwa: iko stashahada, ambayo kwayo wengi wamefika shahada, na iko nafasi ya kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Neno moja kwa waliochaguliwa. Toka mwaka 2017 kila mwombaji hupeleka maombi yake chuoni mwenyewe, na mmoja aweza kuchaguliwa mahali pawili au patatu. Hapo hutumiwa namba ya siri katika simu ili athibitishe chuo kimoja. Akawiapo, amekalia viti viwili, na mwenzake yuko nyumbani angoja. Mwenye mtoto wa namna hii na amhimize leo hii athibitishe kimoja. Mtandao ukikataa huku kwetu, na amtume Nachingwea mjini.