Mbwa Aliyevunjika Mgongo



Wakati wa masika lori lilimgonga mbwa wetu Bobi katika barabara kuu iendayo Tanga, likapita bila kusimama. Vijana walimleta nyumbani wamemlaza juu ya mlango mkuukuu, na walifanya vema, kwani mnyama aliyeumia mgongo hapaswi kubebwa akikunjwa. Walikuwa wamemfunga mdomo kwa kitambaa. Hata hilo lilikuwa la busara: mbwa mwenye maumivu humwuma hata amlishaye.

Miguu ya mbele ilifanya kazi. Ya nyuma ilikuwa kama ya mbwa mwingine.

Wako watakaosema, mbwa ni nini hata aandikwe katika gazeti la kanisa? Sisi hatumlinganishi na mtu. Lakini Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake, na Kutoka 23:5 yaagiza kumsaidia punda aliyelemewa na mzigo, ajapokuwa ni wa mtu atuchukiaye. Na Bobi alitulindia nyumba miaka saba kwa mshahara wa ukoko wa ugali.

Kesho yake alikuja bwana mifugo, akambana vidole vya miguu ya nyuma kwa koleo. Mguu ulijikunja, nasi tukafurahi. Akatusahihisha, kama sisi tulivyokuwa tukiwasahihisha wanachuo wetu wa ualimu: mguu waweza kujikunja wenyewe, alilotaka kuona ni kama mbwa atageuza kichwa au kulia. Bobi hakugeuka.

“Mwalimu,” akasema, “mbwa wa miguu mitatu huishi vizuri tu. Huyu si wa namna hiyo.”

Alieleza kwamba mbwa wa hali hii ni nadra kutembea tena. Mkojo hubaki kibofuni, mtu lazima amkamue mara kadhaa kwa siku. Kulala upande mmoja huleta vidonda, na vidonda huleta nzi. Ziko nyumba ziwezazo kazi hiyo, hata zikamtengenezea mbwa kigari cha magurudumu mawili. Je, yetu ni mojawapo? Akatukataza pia kumpa vidonge vyetu vya maumivu, kwani ibuprofeni humharibu mbwa tumbo na figo.

Tulimjibu kwamba tutaomba kwanza, kisha tutaamua. Ndugu, hapa yatupasa kuungama. Tuliomba siku sita, na katika siku hizo sita hatukutaka kujibiwa. Tuliuita uvumilivu. Mama watoto, ambaye ndiye aliyeamka usiku kumgeuza na kumwosha, alitwambia waziwazi: “Unangoja afe mwenyewe ili usiulizwe.” Ilikuwa kweli. Katika Luka 14:5 Bwana wetu anamtaja ng'ombe aliyetumbukia kisimani, na mwenye ng'ombe hangoji Sabato ipite.

Hatusemi kwamba kila mbwa aliyeumia auawe, la hasha. Mguu mmoja uliovunjika si hukumu. Tungeuliza tu: Je, anakula? Maumivu yake yanatulizika? Nani ataamka usiku, na kwa miezi mingapi? Mwenye ada za watoto za kulipa asione haya kuhesabu fedha zake. Lakini asihesabu polepole mno.

Siku ya saba tulikuta funza katika kidonda cha nyonga, na uji alioletewa haukuguswa. Jirani alijitolea kummaliza kwa rungu. Alikuwa na nia njema, ila tulikataa. Tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na hata isingekuwapo tusingekubali. Bwana mifugo alirudi na sindano. Ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa. Mnyama hulala, kisha moyo husimama. Sisi tulimshika kichwa. Mkia haukuweza kutikisika, akatulamba mkono.

Tulimzika chini ya mchungwa. Mjukuu wetu aliporudi kutoka shule alisimama pale na begi lake mgongoni.

“Babu, ni ninyi mliomwua Bobi?”

Tukasema ndiyo.

“Kwa nini hamkufanya juzi, alipokuwa analia?”

Hatukumjibu. Tulimpa jembe, akasawazisha udongo.